Dawa ya Chini ya Ulimi: Kichwa Kikigonga, Usiitupe

Katika kliniki ya moyo tunazidi kupokea wagonjwa wanaorudi na maumivu ya kifua ilhali chupa ya naitrogliserini, dawa ya kutuliza maumivu hayo, bado imejaa. Ukimuuliza, anajibu: "Ilinigonga kichwa, nikajua ni sumu." Si sumu, na tumelisema hili mara nyingi. Dawa inatanua mishipa ya damu ili kuupunguzia moyo kazi. Mishipa ya kichwani nayo hutanuka, ndiyo maana kichwa kinagonga na uso unapata joto. Kwa wengi maudhi hayo hupita baada ya muda mfupi, na parasetamoli husaidia.

Kinachotutia hofu ni presha kushuka ghafla. Keti kwanza, kisha iweke chini ya ulimi iyeyuke, usiimeze. Dakika 5 zikipita na maumivu yapo, safari ya hospitali ianze, huku ukiweka kidonge cha pili, na dakika 5 baadaye cha tatu. Visizidi vitatu.

Wanaume, hapa mnatuficha. Aliyetumia dawa za nguvu za kiume, yaani sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, asiiguse naitrogliserini kabisa: presha inaweza kuporomoka akafa. Kifua kikibana, nenda hospitali moja kwa moja na useme ulichomeza. Msitwambie "yangu ni ya mitishamba tu"; dawa za aina hiyo zimewahi kupimwa zikakutwa na sildenafili ndani yake. Hatuulizi ili kumwaibisha mtu. Kama umefuatana na mkeo na unaona haya, omba tuzungumze faragha.

Vidonge vibaki kwenye chupa yake ya kioo, kifuniko kikiwa kimekazwa. Visifungwe kwenye karatasi wala visikae mfuko wa shati, maana joto la mwili huviharibu.

Ukipata kizunguzungu kisichoisha, kuzimia au vipele, njoo tujaze fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Tunaandika umri, jina la dawa, siku uliyoanza kuitumia, dalili na siku zilipoanza, pamoja na dawa nyingine zote unazotumia. Huhitaji ushahidi, kushuku kunatosha. Taarifa zako ni siri. Ila njoo na chupa yenyewe, kwani namba ya toleo, yaani ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja, inasomwa hapo, na bila namba hiyo ni vigumu kufuatilia dawa.