John si jina la Kiingereza

Stendi ya Moshi niliwakuta vijana wakibishana: eti John ni la Waingereza, Hans la Wajerumani, Yohani la wazee wetu wa Marangu. Si kweli. Yote yametoka kwenye Yohanan la Kiebrania, yaani "Mungu ametenda neema". Wagiriki wakalitamka Ioannes, na kila taifa likalikata kwa ulimi wake. Juan na Ivan nao wamo humo humo.

Tazama mlima wetu. Johannes Rebmann aliiona theluji yake mwaka 1848. Hans Meyer akafika kileleni 1889, na Yohani Lauwo wa Marangu anakumbukwa kama mwongozaji wake. Masomo watatu, mlima mmoja! Hans, kwa asiyejua, ni Johannes aliyefupishwa.