Kabla Hujalipia Balbu ya LED: Inaungua Wapi, na Boksi Linasema Nini

Balbu ya LED ikizima baada ya miezi minne, wengi hudhani ni diodi, yale madoa ya njano chini ya kifuniko, ndizo zilizochoka. Mara nyingi tatizo lipo shingoni, kwenye saketi inayogeuza volti 230 za ukutani kuwa umeme ambao diodi zinaumudu. Ndani ya saketi hiyo mna kapasita, kijidude cha kutunza umeme kwa muda mfupi, yenye majimaji, na joto huyakausha: kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wa kapasita hupungua karibu nusu. Ndiyo maana balbu nzuri iliyofungiwa kwenye bakuli la kioo lisilopitisha hewa hufa mapema kuliko mwenzake inayoning'inia wazi. Ukiwa na taa za namna hiyo, tafuta balbu ambayo boksi lake linaruhusu kufungiwa, au chagua ya wati ndogo.

Balbu za bei ya kutupa zina ugonjwa mwingine. Hupewa diodi chache zinazosukumwa kwa mkondo mkubwa ili zing'ae dukani. Diodi hizo zimeungwa kwa mfululizo, hivyo moja ikikatika, nyingine zote huzima nayo.

Kwenye boksi, anza na lumeni. Wati ni umeme unaoliwa, lumeni ndiyo mwanga unaopata. Globu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi. LED nzuri hutoa hizo kwa wati 8 hadi 10. Ukiwasha kwa muda wa saa 5 kila siku, ile ya zamani hula uniti 9 kwa mwezi, na LED ya wati 9 hula uniti 1.35. Boksi lililoandikwa wati tu bila lumeni, lirudishe rafuni.

Kisha tazama volti. Umeme wenu ukishuka sana jioni, "100–265V" itavumilia kuliko "220–240V", ingawa hakuna kati yake inayokinga radi. Saa 15,000 au 25,000 zinazotajwa kwa kawaida ni muda wa mwanga kushuka hadi asilimia 70, kwa vipimo vya maabara. Dhamana ya miaka miwili yenye risiti ina uzito kuliko tarakimu hizo. Alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa aliye Kenya, isikosekane. Namba yenye K ni rangi ya mwanga: ndogo ni wa njano, kubwa ni mweupe. Chumbani 2700K hadi 3000K hutuliza macho. Jikoni 4000K na CRI, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu, ya 80 au zaidi, la sivyo hata nyama mbichi itaonekana imechacha.

Mwombe muuzaji awashe, kisha isogezee kamera ya simu. Mistari mizito myeusi inayotembea ni dalili ya mwanga unaopepesa mara 100 kwa sekunde, ambao huwachosha baadhi ya watu macho na kichwa.

Balbu inayong'aa kwa mbali hata swichi ikiwa imezimwa mara nyingi haina kosa. Huenda swichi ina kitaa kidogo cha alama, au fundi alipitisha kwenye swichi nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta). Hilo la pili ni hatari, kwa kuwa holda inabaki na umeme hata taa ikizimwa. Mwite fundi umeme.

Balbu janja, zinazoamriwa kwa simu, zina masharti yake. Nyingi za Wi-Fi hushika masafa ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo rauta inayochanganya 2.4 na 5 kwa jina moja huweza kukwamisha balbu isiunganishwe na simu. Yatenganishe kwa muda. Za Zigbee, mfumo mwingine wa mawasiliano usio Wi-Fi, huhitaji kifaa cha kuziunganisha. Swichi ya ukutani lazima ibaki imewashwa, na balbu ikisubiri amri hula kama nusu wati: kumi zinafika uniti 3.6 kwa mwezi kabla ya kuangaza chochote. Kwenye programu yake, hakikisha unaweza kuchagua ifanye nini umeme ukirudi, vinginevyo nyumba nzima itawaka saa nane usiku. Usiifunge kwenye swichi ya kupunguza mwanga. Na kwa taa ya nje ya ulinzi, balbu yenye kihisi cha mwanga huwaka giza likiingia bila kutegemea intaneti, kwa bei ndogo.