Utumwa wa Marekani darasani: mambo tunayowafundisha watoto vibaya

Mi nafundisha historia kidato cha tano, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya watu wenye asili ya Afrika kule Ulimwengu Mpya, yaani mabara ya Amerika, nakutana na yale yale, watoto wamekuja nayo kutoka kwenye madesa, kwenye muvi, kwingine hata kwetu sisi walimu. Inaniuma, maana hii ni mada ya watu, watu kabisa waliokuwa na majina na mama zao, alafu tunaigeuza pointi sita za kukariri.

Ya kwanza ni hii: "watumwa waliopita Bagamoyo na Zanzibar ndo walipelekwa Marekani." Siwalaumu, mtoto ameenda ziara Bagamoyo, au ameona minyororo pale Mkunazini, Unguja, anaunganisha mwenyewe. Ukweli ni kwamba waliofika Marekani karibu wote walitoka upande wa Atlantiki, Senegambia, Pwani ya Dhahabu, ghuba ya Biafra, Kongo na Angola. Wa kwetu wengi waliishia kwenye mikarafuu ya Unguja na Pemba, Uarabuni, au visiwa vya Morisi na Reunion, na wa Msumbiji wapo waliozungushwa mpaka Brazil.

Na Marekani haikuwa hata mnunuzi mkubwa. Kati ya watu kama milioni 12.5 waliopakiwa melini Afrika, waliopelekwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini hawafiki laki 4, Brazil peke yake ilichukua karibu milioni 5. Sasa sensa ya Marekani ya 1860 inahesabu watumwa karibu milioni 4! Andika hizo namba mbili ubaoni, laki 4 na milioni 4, alafu nyamaza. Watauliza wenyewe. Jibu lake ni zito: walizaliwa utumwani, kwa sheria mtoto alifuata hali ya mama yake, na kuingiza watu kutoka nje kulipopigwa marufuku 1808 biashara ikawa ya ndani, watu kama milioni 1 wakatolewa majimbo kama Virginia na Maryland wakapelekwa kwenye pamba ya Alabama, Mississippi na Louisiana. Mama anabaki Virginia, mtoto anauzwa New Orleans.

Sasa kiungo chetu sisi na hiyo pamba kipo, ila ni nguo. Hapo ndo nawafikishia dhana ya pili, ile ya "Kusini walikuwa wabaya, Kaskazini hawakuhusika." New York yenyewe ilikuwa na watumwa kisheria mpaka 1827. Na baada ya hapo pamba iliyochumwa na watumwa Kusini ilisokotwa na kufumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, benki na meli za Kaskazini zikala humo humo. Meli za Salem, bandari ya Massachusetts hiyo hiyo, zikaleta ile nguo Zanzibar, mkataba na Seyyid Said ukasainiwa 1833, balozi mdogo wao akafika 1837, na wapagazi wakaibeba mpaka Tabora na Ujiji kubadilishana na pembe za ndovu. Ndo merikani hiyo! Mwaka juzi nilinunua mita 2 za ile nguo nzito ya pamba isiyopaushwa nikaipitisha darasani mkono kwa mkono, na binti mmoja akasema, "Mwalimu, hii bibi anaiita marekani, mi nilidhani ni jina tu." Tulikaa kwenye kile kitambaa kipindi kizima na sijutii, mtihani ungesubiri.

Tukija kwenye mgawanyiko wa Kaskazini na Kusini, neno lake sisi tunalo, ni ukanda, lile lile tunalosikia kwenye siasa pamoja na udini na ukabila. Dhana hapa ni kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini, 1861 hadi 1865: "vita vilikuwa vya haki za majimbo, utumwa ulikuwa jambo la pembeni." Wape watoto tamko la jimbo la Mississippi la kujitenga na Marekani, la Januari 1861, walisome wenyewe, mwanzoni tu linasema msimamo wao umefungamana kabisa na utumwa. Alafu waulize, kama ni haki za majimbo, mbona Kusini ndo ilidai sheria ya 1850 ya kulazimisha majimbo ya Kaskazini yarudishe watumwa waliotoroka, na South Carolina ilipojitenga Desemba 1860 ikalalamika kwamba majimbo hayo yanagoma? Ugomvi ulikuwa hesabu ya Seneti, kila jimbo maseneta 2, mwaka 1819 majimbo yalikuwa 11 ya utumwa kwa 11 huru, ndo maana Missouri ilipoomba kuingia na utumwa ikabidi Maine iingie huru. Kila ardhi mpya ikawa vita ya hesabu hiyo, mpaka Kansas watu wakauana.

Kuhusu wapinga utumwa, watoto wanadhani ni wazungu wenye huruma na Kaskazini nzima iliwashangilia. Hapana jamani. William Lloyd Garrison, mhariri wa gazeti la kupinga utumwa, aliburutwa kwa kamba mitaani Boston 1835, Elijah Lovejoy, mhariri mwenzake wa msimamo huo, akauawa Illinois 1837 akilinda mtambo wake wa kuchapia gazeti. Na watu weusi walikuwa mbele tangu mwanzo, David Walker, mtu mweusi huru wa Boston, alichapisha wito wake wa kupinga utumwa 1829. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, akiwa mtoto Baltimore aliwapa watoto wa kizungu mkate ili wamfundishe kusoma, na 1838 akatoroka kwa treni amevaa kama baharia, ana karatasi za kuazima za baharia huru. Harriet Tubman naye, aliyetoroka utumwani akarudi kuwatorosha wenzake, msimkuzie namba, wale 300 wa kwenye madesa sio, aliwatorosha kama watu 70 kwa safari kama 13, na hao 70 wanatosha kabisa.

Ya mwisho, "Lincoln aliwaachia wote huru siku moja." Tangazo la 1 Januari 1863 liligusa maeneo yaliyoasi tu, Kentucky na Delaware utumwa uliendelea mpaka marekebisho ya Katiba ya Desemba 1865. Na watumwa hawakukaa kusubiri. Usiku wa 23 Mei 1861 wanaume 3, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliokuwa wanajengeshwa kituo cha mizinga cha jeshi la Kusini, walipanda boti wakavuka maji mpaka ngome ya Fort Monroe, Virginia, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Kesho yake afisa wa Kusini akaja kuwadai kwa sheria ile ile ya 1850. Jenerali Butler, mkuu wa ngome hiyo, akamjibu, nyie mnasema Virginia ni nchi nyingine, basi sheria yetu haiwahusu. Hakuwarudisha, na ndani ya wiki chache wakaja mamia. Ngome hiyo iko Point Comfort, pale pale meli iliposhusha Waafrika 20 na kidogo mwezi wa 8, 1619, wa kwanza kuandikwa kufika koloni la Waingereza la Virginia.