Zebaki, sianidi na afya za watu wa machimboni: maswali tunayoulizwa Geita

Maswali haya yameulizwa na wachimbaji wadogo, akina mama wanaoosha mchanga na familia zao katika vikao vya elimu ya afya nilivyoviendesha kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea mchanga wa dhahabu, mkoani Geita. Nimeyaacha kama yalivyoulizwa. Majibu nimeyaongezea nyama, maana pale mwaloni kelele za karasha, mashine za kusaga mawe, zilinikatisha mara nyingi kabla sijafika mwisho.

Zebaki naishika kwa mikono mitupu mwaka wa kumi sasa na sijaumwa. Hamtutishi tu?

Hapana, ndugu yangu. Umeishika miaka kumi bila kuanguka kwa sababu mkono si mlango wake mkuu. Ngozi hupitisha zebaki kidogo, na hata mtu akiimeza kwa bahati mbaya, karibu yote hupita tumboni na kutoka na choo. Mlango wake mkuu ni pua. Zebaki hukamata dhahabu mchangani, kisha donge lake huchomwa ili ibaki dhahabu; ikipashwa moto hivyo hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu, na katika kila sehemu 10 za mvuke unaovuta, kama 8 hubaki mwilini. Kutoka kwenye mapafu huingia kwenye damu, kisha kwenye ubongo na figo.

Nilimtembelea mchomaji mmoja wa siku nyingi. Mkewe alimletea chai, mzee akaishika bilauri kwa mikono miwili, na bado ilimwagika kabla haijafika mdomoni. Hajanywa pombe siku hiyo. Mke akasema mzee hapati usingizi, amekuwa mkali kwa watoto, na anasahau mahali alipoweka fedha zake mwenyewe. Majirani walishaamua kwamba amerogwa. Mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafla, usahaulifu, fizi kuvimba na kutoka damu, ladha ya chuma mdomoni, mate mengi: hizo ndizo dalili za mvuke wa zebaki uliojilimbikiza mwilini. Zinakuja polepole mno hivi kwamba mwenyewe hazihisi, na watu wa nyumbani ndio huziona kwanza.

Mvuke mwingi kwa mara moja hufanya haraka zaidi. Kifua kinabana, kikohozi kinaanza, homa inapanda, na mtu anaweza kufa kwa kushindwa kupumua.

Mimi nachomea nyumbani usiku kwa kuogopa wezi. Ni dakika chache tu, na dirisha liko wazi.

Hili ndilo swali linaloniuma kuliko yote, kwa sababu nimekaa kwenye hicho chumba. Jiko la mkaa sakafuni, juu yake kifuniko cha kopo. Mama akafungua kitambaa alichokamulia, akatoa donge la kijivu la dhahabu na zebaki, lenye ukubwa wa punje ya hindi, akaliweka juu ya kifuniko. Likaanza kupoteza mng'ao, likawa jeupe hafifu, kisha rangi ya manjano ikajitokeza. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake muda wote huo. Alipomaliza aliondoa kifuniko, akabandika sufuria ya ugali.

Sasa tupige hesabu. Donge kama lile, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Ukichoma donge la gramu 2, umeachia hewani kama gramu 1. Gramu 1 ni mikrogramu milioni 1, na kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekitaja kwa hewa ya kuvuta kila siku ni mikrogramu 1 kwa kila mita moja ya ujazo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2 na nusu kina mita za ujazo zisizofika 23, kwa hiyo kila mita inabeba zaidi ya mikrogramu 40,000. Dirisha haliwezi kufuta tofauti hiyo. Na mvuke ukipoa hauendi zake: unatua kwenye ukuta, kwenye godoro, kwenye nguo zilizotundikwa na kwenye udongo wa sakafu ambako mtoto anatambaa. Kesho jua likipasha bati, unapanda tena. Mtoto anayelala humo anavuta zebaki hata siku ambazo hakuna kilichochomwa.

Kama leo utabadilisha jambo moja tu katika kazi yako, liwe hili: usichomee ndani, wala karibu na nyumba ya mtu yeyote, na chombo cha kuchomea kisirudi jikoni.

Retoti inasaidia kweli, au ni kitu cha semina?

Inasaidia. Retoti ni chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba linalopitishwa kwenye maji ya baridi. Mvuke hauna pa kutokea isipokuwa bombani, humo unapoa na kurudi kuwa zebaki. Ikifungwa sawasawa hunasa zaidi ya asilimia 90, na ile zebaki unaitumia tena, kwa hiyo hata mfuko unafaidi. Wachimbaji wengi wameniambia hawaipendi kwa sababu hawaioni dhahabu yao inapoiva. Nawaelewa, mali ni mali. Lakini kuifungua ikiwa bado ya moto ni kujipulizia usoni kila ulichokikamata. Iache ipoe kabisa. Zebaki iliyobaki itunze kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, na maji kidogo juu yake.

Tukinywa maziwa baada ya kuchoma, sumu si inatoka?

Haitoki. Maziwa yanakwenda tumboni, mvuke umekwenda kwenye mapafu na damu. Kunywa kwa lishe, lakini yasikupe ujasiri wa kuendelea kuchoma.

Nina mimba ya miezi minne. Mimi sichomi, naosha tu. Na samaki je, niache?

Mama, kaa mbali na mahali panapochomwa, hata kama anayechoma ni mwenzio wa karibu. Mvuke wa zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Kuhusu samaki lazima nikupeleke Japani. Katika mji wa Minamata, kiwanda cha kemikali kilimwaga taka zenye zebaki baharini kwa miaka mingi, na ugonjwa wenyewe ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Zebaki ikifika kwenye matope ya majini, vijidudu huweza kuigeuza kuwa aina nyingine, methilizebaki, inayopanda kutoka kwa viumbe wadogo kwenda kwa samaki wadogo, kisha kwa samaki wakubwa, ikiongezeka kila hatua. Wapo akina mama wa Minamata walioonekana wazima kabisa, wakajifungua watoto ambao ubongo wao ulikuwa umeharibika. Ule mkataba wa dunia kuhusu zebaki, ambao Tanzania nayo imeuridhia, unaitwa kwa jina la mji huo.

Usiache samaki. Ni chakula chako na cha mtoto. Chagua dagaa na sato, punguza sangara wakubwa sana, na usile samaki waliovuliwa kwenye vidimbwi au vijito vinavyopokea maji ya mialo. Ukishajifungua, nyonyesha, ila usirudi kwenye moshi wa zebaki.

Wenye matangi wanatuambia sianidi ni salama kuliko zebaki.

Ni tofauti, na tofauti hiyo ni vizuri kuijua. Sianidi, ambayo wengi huiita sayanaidi, huyeyusha dhahabu ya mchanga kwenye maji ya tangi, kisha dhahabu hunaswa na kaboni, aina ya mkaa. Huvunjika taratibu kwa jua na hewa, wakati zebaki haivunjiki kamwe. Lakini sianidi inaua ndani ya dakika. Inazuia seli kutumia oksijeni, kwa hiyo mtu anakufa kwa kukosa hewa huku hewa imemzunguka.

Ndiyo maana chokaa kwenye tangi si mapambo. Inazuia maji yasiwe na asidi. Asidi ikiingia, sianidi inageuka gesi na kupanda usoni kwa aliyesimama pale. Mtu akianguka karibu na tangi, usikimbilie kuinama juu yake bila kinga. Wengi hufa wawili wawili hivyo. Mtoeni kwenye hewa safi, mvueni nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi, msimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo, na hospitali waambieni neno "sianidi" mlangoni kabisa, kwa sababu ina dawa zake maalumu.

Madumu na mapipa yake yasichotewe maji hata yakioshwa mara mia. Na bwawa lizungushiwe uzio. Ng'ombe hajui kusoma kibao.

Marudio yetu tunawauzia wao. Kuna shida?

Ipo, na ni kubwa. Marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuoshwa, yakiwa yamepitishwa zebaki kisha yakatiwa kwenye sianidi ya wenye matangi, sianidi inayeyusha na zebaki pia. Zebaki iliyokuwa imetulia kwenye mchanga sasa inasafiri na maji, nyingine inanaswa kwenye kaboni pamoja na dhahabu na kuvuka hewani kaboni hiyo inapochomwa. Mkataba wa Minamata umelitaja jambo hili waziwazi kuwa miongoni mwa yanayopaswa kukomeshwa: zebaki iondolewe kwanza. Njia nzuri zaidi ni kutoiweka tangu mwanzo. Vituo vya mfano vya STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, pale Lwamgasa, Katente na Itumbi vilijengwa kuonyesha wachimbaji wadogo namna ya kuchenjua, yaani kutenga dhahabu na mawe, bila zebaki. Nendeni mkaone, hata kwa kuchangishana nauli.

Mto wetu umegeuka rangi ya kutu. Tukichemsha maji, yanafaa?

Msiyanywe. Mwamba wenye madini ya salfa, ukifukuliwa na kuachwa kwenye hewa na mvua, hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali kama aseniki. Jambo la aina hiyo lilitokea Tarime mwaka 2009, maji yenye asidi yalipovuja kutoka mgodini na kuingia mto Tigithe. Kuchemsha huua vijidudu, lakini metali hubaki sufuriani, na maji yakipungua zenyewe zinazidi kukolea. Toeni taarifa NEMC, baraza la taifa la mazingira, na ofisi ya bonde la maji, na mtafute chanzo kingine wakati mnasubiri majibu.

Vumbi la karasha?

Huua mapafu na hufungua njia ya kifua kikuu. Lowesha mawe kabla ya kusaga. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe.

Nitajuaje kama nina zebaki mwilini?

Mwambie daktari kazi yako kabla hajakuuliza unaumwa nini, kwa sababu dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine. Mwambie pia kama unatumia krimu ya kuchubua ngozi, maana baadhi zina zebaki. Kipimo kwa anayevuta mvuke ni mkojo. Kituo kidogo hakitakuwa nacho, kwa hiyo omba rufaa. Zipo dawa za kuitoa, lakini hazifai kitu kwa mtu anayerudi kuchoma wiki ijayo. Mwili wenyewe huanza kuitoa ukiacha kuivuta: kila baada ya miezi kama miwili, kiasi kilichomo hupungua karibu nusu. Na ukienda kupimwa, nenda na mtoto anayelala kwenye kile chumba.