Safari za kiangazi za vijana wa Kiyahudi Poland: yanayosemwa na yalivyo kweli

Kuanzia mwisho wa Juni mpaka Agosti, mtaa wa Kazimierz hapa Kraków unajaa mabasi ya vijana wa Kiyahudi, wa miaka 15, 16, 17 hivi, wengi wao wametoka Marekani na Uingereza, wamepelekwa na vyama vya vijana vya masinagogi yao kuja kuona walikotoka mababu. Wanakaa Poland kama wiki, wengine wanapitia Prague au Budapest, afu wengi wanaunganisha Israel kumalizia kiangazi. Nikiwasimulia watu nyumbani naulizwa maswali yaleyale na naona dhana zilezile zinazunguka, zingine hazina madhara ila zingine zinauma kabisa, kwa hiyo nimeona niziandike zote sehemu moja.

"Hiyo ni hija yao, kama Makka"

Hapana. Zamani Hekalu liliposimama Yerusalemu kulikuwa na sikukuu tatu za kupanda kwenda huko, Pasaka, sikukuu ya Majuma na ya Vibanda, lakini Warumi walilibomoa Hekalu mwaka 70 na tangu hapo hakuna safari ambayo Myahudi asipoenda anahesabiwa amepungukiwa na dini. Na Poland ndo kabisa, haimo kwenye amri yoyote. Kijana anaenda kwa sababu kaka yake alienda, au chama chake kinaenda, au bibi yake alikuwa anataja jina la kijiji fulani na yeye anataka kukiona kwa macho.

"Wanapelekwa kuangalia vifo tu"

Hii ndo dhana kubwa kuliko zote na ndo inayonikera zaidi, kwa sababu hata wazazi wa hao vijana wengine wanaamini hivo, kwamba unamchukua mtoto likizo unampeleka kwenye makambi ya mauaji ya Wanazi analia wiki nzima afu unamrudisha. Makambi wanaenda, ndiyo, nitayafikia. Lakini Wayahudi wameishi Poland kama miaka elfu moja, na miaka ya Wanazi ni sita. Mwaka 1264 mtawala mmoja, Bolesław, alitoa hati huko Kalisz inayowalinda Wayahudi na mali zao na ibada zao, na wakati sehemu zingine za Ulaya zinawafukuza wao walikuwa wanahamia huku. Kabla ya vita ya pili walikuwa milioni 3.3 hivi, Warsaw peke yake karibu theluthi moja ya watu wa jiji walikuwa Wayahudi. Walikuwa na magazeti yao, timu za mpira, vyama vya siasa vinavyopingana vikali, mafundi cherehani, wapagazi, madaktari, matajiri wachache na maskini wengi sana.

Chukua mfano wa sinagogi la Remuh, lipo hapahapa Kazimierz, dogo tu, limejengwa miaka ya 1550. Nyuma yake kuna makaburi ya zamani na mmoja wa waliolala pale ni rabi Moses Isserles, alifariki 1572. Huyu ndo aliyeandika desturi za Wayahudi wa Ulaya ya kaskazini na mashariki, akaziweka pembeni ya kitabu cha sheria cha Yosef Karo ambaye yeye alikuwa anafuata desturi za Wayahudi wa Hispania. Moja ya desturi hizo ni kutokula wali, maharage, dengu na vitu vya jamii hiyo wakati wa Pasaka. Sasa fikiria kijana wa miaka 16 kutoka mji fulani wa Marekani ambaye kila mwaka wiki nzima ya Pasaka mama yake anamnyima wali na maharage na anaambiwa tu ndo desturi yetu, leo amesimama kwenye kaburi la mtu aliyeiandika. Hapo huhitaji kumweleza nini maana ya urithi, anaielewa mwenyewe, na kwa kweli nimeona nyuso zao zinavyobadilika wakiambiwa, wanaanza kubishana palepale kama bado ni lazima au la (baadhi ya marabi wa siku hizi wameshalegeza), na mabishano yenyewe ni ya Kiyahudi kweli kweli, Isserles angeyatambua.

Halafu kuna Tykocin, mji mdogo upande wa kaskazini mashariki. Sinagogi lake ni la 1642, ndani kuta zimeandikwa sala kwa Kiebrania kwa herufi kubwa, kwa sababu vitabu vilikuwa ghali, watu walikuwa wanasali kwa kusoma ukutani. Makundi ya vijana wakifika pale wanaimba, wanashikana mabega wanazunguka wanaimba mpaka jasho linawatoka. Afu wanapanda basi, mwendo mfupi tu, wanashuka kwenye msitu wa Łopuchowo ambako Agosti 1941 Wajerumani waliwapiga risasi Wayahudi wa mji huo, familia nzima nzima, wakawafukia kwenye mashimo. Siku moja, sehemu mbili. Viongozi wanaopanga hivo wanajua wanachofanya, maana ukienda msituni bila kupita kwenye sinagogi utaona maiti tu, hutajua nani aliuawa.

Na Warsaw kuna jumba la makumbusho la POLIN, lilifunguliwa 2013 na maonyesho yake makuu yakaanza 2014, limejengwa palepale lilipokuwa geto, yaani mtaa ambao Wajerumani waliwafungia Wayahudi ndani ya ukuta, na sehemu kubwa ya maonyesho hayo ni maisha ya karne zote hizo. Kuna dari la sinagogi la mbao la Gwoździec limechorwa upya, rangi zote, wanyama, maua, alama za nyota (zodiaki), ukiinua shingo unasahau kushusha. Mji wenyewe sasa uko Ukraine na sinagogi lile halipo tena.

"Kambi za Wapoland"

Usiseme hivi. Auschwitz, Treblinka, Majdanek, Sobibor, zilijengwa na kuendeshwa na Ujerumani ya Kinazi kwenye Poland iliyokaliwa kwa nguvu. UNESCO wenyewe mwaka 2007 walibadilisha jina rasmi la Auschwitz kwenye orodha yao ili neno Ujerumani ya Kinazi lionekane wazi. Wapoland nao waliuawa kwa mamilioni, wengine Wasovieti waliwasomba kuwapeleka Siberia, na kama unatoka Arusha unayajua makaburi ya Wapoland pale Tengeru, wale ni wakimbizi walioponea huko Siberia wakapitia Iran wakaishia kwetu kuanzia 1942, karibu 5,000 kwenye kambi ya Tengeru peke yake, wengi wanawake na watoto.

Ila ukweli una upande wa pili na vijana wanafundishwa pande zote mbili. Zaidi ya Wapoland 7,000 wametambuliwa na Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya mauaji hayo iliyoko Yerusalemu, kwamba waliokoa Wayahudi, hakuna nchi yenye wengi zaidi, na hiyo ni wakati adhabu ya kumficha Myahudi Poland ilikuwa kifo. Na Jedwabne, Julai 1941, majirani Wapoland waliwafungia Wayahudi wa mji wao ghalani wakawachoma moto, uchunguzi wa serikali ya Poland yenyewe ulisema waliokufa si chini ya 340. Na Kielce, Julai 1946, vita imeshaisha, Wayahudi 42 wakauawa na watu wa mji. Anayetaka kushika kipande kimoja tu cha hadithi hii anadanganya, awe Myahudi, awe Mpoland, awe nani.

"Walikubali kuchinjwa bila kupigana"

Hii mtu akiisema mbele yangu siwezi kunyamaza. Tarehe 22 Julai 1942, mkesha wa siku ya mfungo wa Tisha b'Av ambayo Wayahudi wanaomboleza kubomolewa kwa Hekalu, Wajerumani walianza kuwasomba watu wa geto la Warsaw kwa treni kwenda Treblinka, kwa muda wa kama wiki nane wakapeleka watu wapatao 265,000. Waliobaki wakajipanga. Tarehe 19 Aprili 1943 askari walipoingia kumaliza geto walikutana na bastola, mabomu ya chupa na vijana wa vyama vya vijana, wakiongozwa na Mordechai Anielewicz aliyekuwa na umri wa miaka 20 na kitu tu. Geto lenye njaa lilipigana karibu mwezi mzima. Treblinka kwenyewe wafungwa waliasi tarehe 2 Agosti 1943, Sobibor Oktoba mwaka huohuo.

Na kuna kupigana kwingine ambako mimi nakuheshimu sawasawa na kwa bunduki. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake ndani ya geto walikusanya kila kitu, shajara, matangazo, kadi za mgao wa chakula, insha za watoto wa shule, wakafukia ardhini kwenye masanduku ya bati na makopo makubwa ya maziwa ili Wajerumani wasije wakabaki peke yao wa kusimulia. Mafungu mawili yalipatikana, 1946 na 1950. La tatu mpaka leo halijaonekana. Wengi wa waliokusanya hawakupona.

Treblinka leo hakuna jengo, Wajerumani walibomoa wakapanda mimea juu. Kuna mawe kama 17,000, yamechongoka, mengine yana majina ya miji. Jiwe lenye jina la mtu ni moja, la Janusz Korczak, daktari aliyekuwa na kituo cha watoto yatima Warsaw, na Agosti 1942 alikataa kujiokoa akaondoka na watoto wake wapatao 200. Vijana wanatafuta mji wa familia zao kwenye yale mawe, na aliyeupata anakaa pale chini muda mrefu bila mtu kumharakisha.

"Lazima wawe walokole wa dini yao"

Wapo wanaosali mara tatu kwa siku na wapo ambao nyumbani hawagusi kitabu cha sala. Ila utaratibu wa safari unafuata dini kwa sababu wote lazima waweze kula meza moja, basi chakula ni kosha, yaani kinachoruhusiwa na sheria za dini yao, na kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku makundi yanayofuata sheria za Sabato hayapandi basi, ndo maana hoteli inachaguliwa karibu na sinagogi. Kitu kimoja ambacho watu hawakijui, pale Remuh ukiangalia vizuri utaona mara nyingine wavulana wachache wamebaki nje ya geti la makaburi na kiongozi mmoja wakati wenzao wameingia. Hawajaadhibiwa na hawaogopi. Ni wa ukoo wa makuhani, ukoo wa Haruni, na kwa sheria kuhani hakaribii makaburi isipokuwa ya ndugu wa karibu kabisa. Wenzao wanawachukulia picha ndani. Na msiulize maua yako wapi, kwao wanaweka kijiwe juu ya kaburi.

"Zote ni bure, zinalipiwa"

Mnachanganya na Birthright, ile iliyoanza 1999, siku 10 Israel bila malipo, ila ile ni ya watu wazima kuanzia miaka 18. Hawa wa sekondari familia zinalipa, na si pesa ndogo, ingawa kuna misaada ya masinagogi na mifuko mbalimbali.

"Wayahudi wote ni wazungu wa Poland"

Ndani ya basi moja unaweza kukuta mtoto ambaye babu yake alizaliwa Moroko na mwingine ambaye familia ilitoka Iraki, Poland si kwao hata kidogo. Ndo maana kuna safari zingine za Hispania, wanaenda Toledo na Córdoba alikozaliwa Maimonides, rabi na mwanafalsafa maarufu, nchi ambayo wafalme wake walifukuza Wayahudi wote 1492, na zipo za Moroko ambako mwaka 1948 walikuwa kama 250,000 na leo wamebaki elfu chache. Na jirani zetu Uganda, karibu na Mbale, kuna Abayudaya, jamii aliyoianzisha Semei Kakungulu mwaka 1919, wakapita enzi za Idi Amin akiwa amepiga marufuku dini yao, wakabaki. Rabi wao Gershom Sizomu alipata urabi Los Angeles mwaka 2008. Kijana wa Abayudaya ni Myahudi na urithi wake uko pale Mbale, hauko Kraków.

"Poland hakuna Wayahudi tena, na vijana wanarudi na chuki"

Takriban milioni tatu waliuawa, na waliobaki wengi waliondoka, wengine maelfu walisukumwa nje na kampeni ya serikali ya kikomunisti mwaka 1968. Kwa hiyo ni wachache, ila wapo. Hapa Kraków kuna kituo cha jamii ya Kiyahudi tangu 2008, Ijumaa jioni wanakaribisha wageni kwenye chakula cha Sabato, na vijana wa safari wakienda wanakaa meza moja na wazee waliopona vita pamoja na Wapoland waliogundua ukubwani kwamba bibi yao alikuwa Myahudi akaficha maisha yake yote. Wanaohudumia meza, wengi ni vijana Wapoland wasio Wayahudi, wanajitolea tu. Tamasha la utamaduni wa Kiyahudi la Kazimierz linalofanyika kila kiangazi lilianzishwa 1988 na Wapoland wawili wasio Wayahudi, na vijijini kuna walimu na wastaafu wanaofyeka makaburi ya Kiyahudi na kusimamisha mawe yaliyoanguka bila kulipwa na mtu. Vijana wanakutana nao, wanawauliza maswali magumu kuhusu Jedwabne, na wanajibiwa.