Drunk, drunkard, alcoholic: si mlevi yuleyule

Neno "mlevi" tumelibebesha mzigo mkubwa. Aliyepepesuka harusini jana tunamwita mlevi, wa baa kila jioni mlevi, na yule ambaye mikono humtetemeka asubuhi asipopata pombe naye mlevi. Kiingereza huwatenganisha, na ukiwachanganya unaweza kumvunjia mtu heshima bila kukusudia.

Anza na drunk. He was drunk: alikuwa amelewa, na kesho yake pombe ilimtoka. He was a drunk: alikuwa mlevi, ndiyo tabia yake. Kijineno a tu, na usiku mmoja umegeuka sifa ya maisha. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwa kuwa Kiswahili hakina kijineno hicho.

Drunkard ni kali zaidi. Kiishio -ard hubeba dharau, kama katika coward, mwoga. Siku hizi neno hili lina harufu ya mahubiri ya zamani. Mimi nisingelitumia kwa mtu ninayemjali.

Drinker, mnywaji, halina lawama lenyewe. Uzito huletwa na neno linalotangulia. Social drinker hunywa akiwa na wenzake, heavy drinker hunywa sana.

Alcoholic ni habari nyingine: huyu ni mraibu. Mzizi wake ni Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja, unga laini wa kupaka machoni, kabla maana haijahamia kwenye kileo. Mwaka 1849 daktari wa Sweden, Magnus Huss, aliuita ulevi sugu alcoholismus, akiutazama kama ugonjwa. Ndiyo maana katika Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, mtu asiyegusa pombe kwa miaka 20 bado hujitambulisha kuwa alcoholic. Neno halihesabu chupa. Linataja uraibu, ambao kwao hauishi hata mtu akiacha kunywa. Madaktari wengi sasa huliepuka, wakisema mtu mwenye tatizo la matumizi ya pombe, ili ugonjwa usimeze jina la mtu.

Basi anayeandika kwenye barua ya kazi I am not alcoholic, akidhani amesema hanywi, amesema tu kwamba si mraibu, na msomaji atashangaa kwa nini amejitetea. Aandike I don't drink. Likitakiwa neno moja, lipo teetotaller, kutokana na teetotal, neno lililovuma kutoka Preston, Uingereza, miaka ya 1830, kwa watu walioapa kuacha kileo chote, hata bia.