Je, wajua setilaiti huonaje kimbunga usiku wa giza?

Umewahi kuona picha ya kimbunga iliyochukuliwa saa nane za usiku katikati ya bahari? Mawingu ni meupe, yamejiviringa vizuri, na jicho liko wazi katikati. Mwanga umetoka wapi? Jua halipo, wala hakuna taa ya kumulika bahari nzima kutoka kimo cha kilomita 36,000, ambako setilaiti nyingi za hali ya hewa hukaa.

Ile si picha ya mwanga, ni ramani ya joto. Kila kitu, hata barafu, hutoa mionzi ya infraredi ambayo macho yetu hayaioni, na kitu kikizidi joto mionzi nayo huzidi. Setilaiti huipima usiku na mchana. Sasa, hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa hiyo kilele cha wingu refu la dhoruba huwa baridi kupita kiasi, pengine nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri. Wataalamu hupapaka rangi nyeupe palipo baridi ili picha ifanane na mawingu tuliyoyazoea. Weupe ule, basi, unakuonyesha kimo.

Miaka ya 1970 Mmarekani Vernon Dvorak alibuni njia ya kukadiria nguvu ya kimbunga kwa picha za setilaiti peke yake. Jicho likiwa na joto huku mawingu yanayolizunguka yakiwa baridi sana, ujue upepo ni mkali. Njia hiyo inatumika mpaka leo, na mimi naistahi sana, kwa maana sehemu kubwa ya bahari za dunia haina ndege ya kuingia ndani ya kimbunga kwenda kupima.

Lakini tarehe 15 Januari 2022 kipimo cha joto kilikwama. Volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai, katika visiwa vya Tonga, ililipuka na kurusha wingu lake juu mno, hadi kule ambako hewa huacha kupoa na kuanza kupata joto tena. Kule, joto moja laweza kuwa la vimo viwili tofauti. Wanasayansi wakageukia jambo ambalo macho yako hulifanya kila siku. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha lingine: kidole kinaonekana kuhama. Setilaiti tatu zilikuwa zikilitazama wingu lile kutoka pembe tofauti, nao wakapima lilivyohama kati ya picha na picha. Jibu lilikuwa kimo cha kilomita 57! Ndege za abiria hupita kwenye kilomita 11 hivi.

Kwa mafuriko, infraredi haisaidii sana, kwa sababu haipenyi mawingu mazito, na mvua huja na mawingu. Hapo hutumika rada. Hutuma mawimbi yake yenyewe, yakapita katikati ya wingu hadi chini. Ardhi yenye mimea huyatawanya, mengine yakarudi juu. Maji yaliyotulia huyatupa upande wa pili kama kioo kilichoinamishwa, hivyo huonekana meusi. Linganisha picha ya kabla ya mvua na ya leo: weusi uliozuka ndio mafuriko. Ila upepo ukitibua uso wa maji, au maji yakijificha chini ya miti, weusi huo hupotea, ndiyo maana wachora ramani bado humuuliza mtu aliye pale chini maji yamefika wapi.